Kumsalimia Babu kwenye Mgodi wa Shaba

Mwezi uliopita nilikuwa Rungwe Mpya kwenye harusi ya binamu yangu, na kesho yake asubuhi nikamwomba dereva wa bodaboda anipeleke ule mji wa zamani wa shaba. Akanishangaa. "Kule kuna nini, dada? Si nyasi tu." Nikacheka. Ndugu yangu, kama hukupelekwa mahali na bibi yako ukiwa na miaka saba, utajuaje kuna nini?

Sisi tulikwenda kwa miguu kila kiangazi, kabla mvua hazijaanza. Bibi alibeba jembe begani na kibuyu cha pombe ya ndizi, mimi kikapu cha mihogo ya kuchemsha na karanga. Nilianza kunung'unika hata mto wa kwanza hatujauvuka. Ila kilima kile kikishaonekana, nilinyamaza mwenyewe. Kwanza kokoto za njiani ziligeuka kijani. Kisha nyumba za matofali zisizo na paa, zimejipanga mstari, miti imeota sebuleni. Kisha mnara wa chuma wenye gurudumu kubwa kuliko nyumba yetu, na chini yake shimo, likitoa ubaridi hata jua likiwa utosini. Sijawahi kuingia kanisa lililonifanya nijione mdogo namna ile.

Babu alikuwa humo. Mgodi uliporomoka mama yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Wenye mgodi walichimba siku kadhaa wakashindwa, baadaye wakafunga kazi na mji wote ukahama. Kwetu, maiti isipopatikana huzikwa mgomba badala yake, ili marehemu naye awe na kaburi. Wazee walimletea bibi mgomba, akawarudisha nao. "Mgomba ni wa mtu asiyejulikana alipo," alisema. "Wangu najua alipo."

Basi tukifika, bibi alipalilia pale mdomoni mwa shimo, akamimina pombe kidogo, akainama na kupiga makofi taratibu kama tunavyosalimia sisi Waha: "Mwakeye." Halafu alimpa habari za mwaka mzima: nani kaolewa, mbuzi gani kafa, maharage yamekataa. Alimlalamikia pia, tena sana. Mwisho alirudia ombi lake moja, nami nikilisikia kila mwaka: siku yake ikifika, azikwe pale.

Alifariki nikiwa kazini Mwanza, masika yamepamba moto, njia ya kilimani haipitiki. Wajomba wakamzika nyumbani. Kando yake wakazika mgomba wa babu, ili bibi asilale peke yake. Walifanya kwa upendo na siwalaumu, ila nilipoambiwa nililia upya.

Safari hii mnara umebaki nusu, chuma kimekwenda kwa wauza vyuma chakavu. Matofali ya nyumba nyingi yamebebwa, na ukiuliza vijijini nani alikaa pale, hakuna anayejua. Shimo bado lipo na ubaridi wake, nami na utu uzima wangu nikajiona mdogo tena mbele yake. Ndipo nikatambua kwamba hakuna aliyewahi kuja kumpa babu taarifa ya msiba. Nikainama, nikapiga makofi. Nikamweleza kwamba bibi amefariki, kwamba hakuumwa sana, kwamba watu walijaa kanisani mpaka nje. Nilimwambia yote, isipokuwa mahali tulipomzika.