Mama Zeddy wa Bahati na Maziwa Aliyoyaficha

Zeddy Cheptanui alizaliwa mwaka 1909 karibu na Njoro, katika shamba la mzungu ambako baba yake alichunga ng'ombe. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema, wala Mungu hakumjalia mtoto. Kwa miaka mingi alikuwa yaya nyumbani kwa mnunuzi wa pareto mjini Nakuru. Huko alijifunza Kiingereza, na wafanyabiashara wa London, Bombay na Amerika waliofika kununua pareto wakamzoea, wakawa wanamsalimia kwa jina.

Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, familia za Wakikuyu ziliondolewa mashambani kwa malori, na watoto wengine wakaachwa nyuma. Zeddy, binti wa Kikalenjin, aliwaokota. Majirani walimsema vibaya, naye hakuwasikiliza. Alifungua makao huko Bahati, kisha akaanzisha chama cha kuwaleta wale wanunuzi matajiri wa pareto wawaone watoto na kuwasaidia. Kumbe kazi ya kuomba msaada nayo ina majaribu yake.

Jaribu lilimjia mwaka 1956. Serikali ilisema makao yasipopata nyumba ya mawe kabla ya masika, watoto watatawanywa. Wanunuzi kadhaa walikuwa waje Jumapili. Mzee Kiprugut, mwenyekiti wa baraza la kanisa lililosimamia chama hicho, alimwita kando. "Mama, mgeni akiona mtoto ameshiba hawezi toa kitu. Hao watoto vua sweta. Na hiyo mursik ficha."

Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba katika nyumba ya Mkalenjin mgeni hupewa mursik, maziwa lala ya kibuyu, kabla ya mazungumzo yoyote. Kumnyima ni aibu ya ukoo mzima. Zeddy alilelewa hivyo. Hata hivyo aliogopa kuwapoteza watoto wake, akawavua sweta, akavificha vibuyu vyote kanisani, nyuma ya madhabahu. Ndiyo, madhabahuni. Ninaandika haya uso ukiniwaka, maana huyu ndiye tunayemheshimu.

Wageni wakafika, wakaketi midomo mikavu. Mmoja wao, mzee wa London, alimwinamia msichana mdogo aitwaye Nyakio, akamuuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Wewe njaa?" Nyakio aligeuka akamtazama Mama Zeddy, aambiwe aseme nini.

Zeddy aliona haya mpaka akashindwa kuinua kichwa. Akapiga magoti mbele ya mtoto, watu wote wakitazama. "Hana njaa," akasema. "Maziwa tuko nayo, nimeficha mimi. Sweta nimevua mimi. Kile tunakosa ni nyumba. Mnisamehe, na huyu mtoto anisamehe kwanza." Kisha akavileta vibuyu mwenyewe, akawavisha watoto. Wageni wawili waliondoka kwa hasira. Mzee wa London alikunywa, akashukuru, akaenda zake bila kuahidi chochote.

Wiki hiyo baraza lilimvua uongozi wa chama. Hakujitetea hata kidogo. Masika ilipokaribia, malori ya mawe yalipanda Bahati, yametumwa na mzee yule, na nyumba ikajengwa. Kiprugut alimsihi arudi kitini. Alikataa, akabaki jikoni. Watu husimulia kwamba Jumapili ile vibuyu havikukauka hata kila mtu alipokunywa akarudia. Yeye alikuwa akiwakatiza: "Ng'ombe walikuwa wamezaa tu."

Alifariki mwaka 1959 kwa ugonjwa wa mapafu. Siku chache kabla, alimwita Nyakio kitandani akamuuliza, "Mwanangu, ulinisamehe?"

"Nilikusamehe, Mama," Nyakio akasema. "Lakini mtu akiniuliza kitu, bado naangalia mtu mkubwa kwanza."

Mama Zeddy akalia, akaushika mkono wake, hakuuachia mpaka mtoto akachoka kusimama. Alizikwa Bahati, kando ya nyumba ile ya mawe.

Ndugu zangu, na sisi tunawaalika matajiri waje kuwaona watoto wetu, na tunawapanga mstari. Tumwige Mama Zeddy alipopiga magoti. Asubuhi ya Jumapili ile tayari tunaiiga vya kutosha.