Senene Juu ya Breki

Siku ya kwanza kiwandani sikutazama mashine, nilinusa. Palinukia kibanja, shamba la migomba, baada ya mvua. Wageni walioleta mtaji walikuwa wameufuata mgomba wetu wa Kanazi: nyuzi zake zilichanganywa na gundi na unga wa chuma, zikashindiliwa, zikaokwa tanurini, zikawa pedi, kile kibao kinachobana gurudumu dereva akikanyaga breki. Mimi mjane wa watoto watatu nilivaa koti jeupe nikahisi naota.

Nilipanda hadi kuwa mkaguzi. Nikigonga muhuri, pedi inaingia barabarani.

Ukaja msimu wa senene, wale panzi watamu. Wajukuu, mnamjua Mhaya na senene! Alfajiri nilijaza ndoo njiani. Wataharibika kabla ya jioni, nikawaza. Nikawatandaza kwenye sinia, nikalisukuma tanurini, rafu iliyo juu ya pedi.

Mchana, pedi nimeshazigonga muhuri na lori linapakiwa, nikaenda kuwatoa. Sinia lilikuwa na tundu! Mafuta yalikuwa yamechuruzikia pedi za chini, na pedi nyeusi haionyeshi doa. Mawe, mama yangu! Pedi yenye mafuta haibani, inateleza. Nikaliona akilini basi la Muleba likishuka mteremko, akina mama ndani wakiimba. Nikaiona na kazi yangu ikipotea, maana tuliambiwa mapema: uzembe mmoja, nje.

Hakuna aliyeniona. Nilisimama pale kitambo, siwafichi, nikitamani kunyamaza. Kisha nikakimbilia lori, nikalizuia, nikaita wakubwa.

Meneja Mkuu, mgeni wa Kiswahili cha kusuasua, alinusa pedi moja.

"Ma Regi, hii nini?"

"Senene, bwana. Ni mimi niliyewaweka tanurini."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Akaamuru mzigo wote upondwe. Nikaanza kuvua koti, machozi yakinitoka.

"Koti vaa," akasema. "Muhuri nipe."

Hakunirudishia kamwe. Nilichambua nyuzi za mgomba hadi nilipostaafu, na iliniuma kila siku. Lakini watoto walisoma.

Sasa nakaa Ijumbi. Nikienda Bukoba, basi likianza kushuka mteremko wa kuingia mjini, nafumba macho mpaka lisimame.

"Ma, umelala?" konda huniuliza.

Nafumbua macho, nawatazama watu wakishuka na vikapu vyao, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.