Wasemaji Kumi wa Gashe Yitbarek

Kuna watu wanaoishi peke yao kwa sababu wamefiwa, na kuna wanaoishi peke yao kwa sababu wananuka. Yitbarek Shibeshi aliishi peke yake kwa sababu ya sentensi elfu sita mia nne na kumi na mbili.

Sentensi hizo zilikuwa tumboni mwa programu moja ya kuandikia barua, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa mbali wasiomjua yeye wala mji wake wa Debre Markos. Yitbarek alizitafsiri zote kwa Kiamhari, moja baada ya nyingine, miaka minne, bila kutumwa na mtu. Ni kama mwanamume aliyeamka asubuhi akaanza kupaka rangi ukuta wa jirani, jirani mwenyewe akiwa amehama.

Mchana alitengeneza kompyuta katika kibanda chake nyuma ya mahakama, mahali wanapokaa wapiga chapa wanaowaandikia watu mashtaka ya mipaka ya mashamba. Jioni alitafsiri. Neno la kitufe cha kughairi lilimla wiki nzima. Mwishowe alikwenda kwenye nyumba ya tej, pombe yetu ya asali, akawauliza wanywaji, "Jamani, kitu umekianza mwenyewe, halafu katikati ukaona bora kisiwepo, mnakiitaje?"

"Ndoa," wakamjibu kwa pamoja, na birika la tej likazunguka tena.

Walimcheka wakijua wanachokisema, maana mkewe Tewabech alikuwa ameondoka mwaka wa pili wa kazi hiyo. Hakugombana. Alifunga mizigo yake, akasimama mlangoni, akasema, "Yitbarek, ungekuwa na hawara ningemfuata nikamng'oa nywele. Sasa hiki kidude chako nitaking'oa nini?" Yitbarek, Mungu amsamehe, alitikisa kichwa kwa huzuni huku akimalizia sentensi kuhusu pambizo za ukurasa.

Basi siku moja ya Agosti, mvua ikigonga mabati, ikamjia barua pepe kutoka kwa Annike, binti wa nchi za barafu aliyekuwa msimamizi wa lugha zote za programu ile. Annike aliandika kwa upole, kama daktari anayekutaka ukae kwanza. Programu imekuwa nzito mno. Lugha ambazo hazifikishi usakinishaji kumi kufikia tarehe kumi Septemba zitaondolewa. Kiamhari mpaka leo kina mmoja.

Mmoja huyo Yitbarek alimfahamu vizuri. Alimnyoa kila Jumapili mbele ya kioo.

Hakuamini. Mjini hapa programu ile ilikuwa kila mahali. Yeye mwenyewe ndiye aliyewawekea wapiga chapa wote. Akachukua mwavuli, akaruka madimbwi, akaingia kwa Asnakech, mpiga chapa mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

"Asnakech, nionyeshe kompyuta yako."

"Gashe, imeharibika?" akauliza, kwa jina la heshima tunalowaita wanaume waliotuzidi umri.

"Ndicho ninachotaka kujua."

Akaangalia. Kiingereza. Akaenda kwa Endalkachew, karani wa mahakama. Kiingereza. Mashine ya tatu, ya nne, ya saba: Kiingereza kitupu, mji mzima, katika mji ambao mtu akisema "good morning" mbwa hugeuka kumtazama.

Hapo ndipo alipokumbuka kisakinishi kinavyofanya kazi. Kisakinishi, ile sehemu ya programu inayotangulia kuipanga ndani ya mashine, ni mgeni mwenye adabu lakini mvivu. Akifika mlangoni haulizi "Hapa ni wapi?" Hatazami kibodi iliyobandikwa herufi za Kiamhari kila kitufe. Hatazami kalenda, hasikii kengele za kanisa zinazomgongea sikioni. Anainama, anaiuliza mashine swali moja tu kwa kunong'ona: mwenye nyumba amechagua menyu zake zisome kwa lugha gani? Mashine inajibu ilichoambiwa. Mgeni anapekua mfuko wake, anatoa lugha hiyo, anaingia. Na akishaingia hasahau; hata ukibadilisha mipangilio kesho, yeye atashika jibu lile la kwanza mpaka umtoe nje na kumkaribisha upya.

Sasa nani aliziambia mashine za Debre Markos zijibu Kiingereza? Yitbarek alirudi akakaa juu ya kigoda cha Asnakech akitazama picha iliyokuwa kwenye skrini: mapera matatu ndani ya sahani. Kwa Endalkachew pia yalikuwapo mapera matatu. Mapera hayo aliyaweka yeye, miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye diski mama, ile diski moja aliyoipanga vizuri ili kila kompyuta inayouzwa mjini inakiliwe kutoka humo. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tisa na hofu kubwa ya kuonekana mshamba. Akachagua Kiingereza. Mashine zote zilizozaliwa baadaye zilimrithi mama yao, mapera na maringo.

Kwa kifupi, mtu aliyekizika Kiamhari alikuwa huyu huyu aliyetumia miaka minne kukifufua.

"Gashe, unalia?" Asnakech akauliza.

"Bati lako linavuja."

Zilibaki wiki mbili. Alihitaji watu tisa. Akaanza na Asnakech palepale: akabadilisha lugha ya mfumo, akaiwasha mashine upya, akaanza kuitoa ile programu ili aikaribishe kwa mlango mwingine. Hajamaliza kuitoa, Asnakech akaziona menyu za mashine kwa Kiamhari, akapiga kelele kama aliyekanyaga nyoka.

"Umenifanya nini? Vitu vyangu viko wapi?"

"Viko palepale. Soma tu. Ni Kiamhari, dada yangu, lugha ya mama yako."

"Sitaki kusoma! Miaka kumi na moja sijasoma hata neno moja hapa. Kuhifadhi ni lile neno fupi lenye nyoka mbele. Kuchapisha ni lile lenye bendera. Mimi Kiingereza sikijui, Gashe, ndiyo maana naenda haraka! Sasa kila neno linaniambia kitu, nitamaliza saa ngapi? Nje kuna mzee ananisubiri, anamshtaki shemeji yake."

"Jaribu siku mbili tu."

"Mzee ana miaka themanini. Hana siku mbili. Rudisha."

Akarudisha. Mwanamume mzima akarudisha.

Kwa Endalkachew hakufika hata kwenye kibodi. "Gashe Yitbarek, nakuheshimu kama baba," karani akasema, akifunga mlango. "Lakini mkuu wangu akikuta mashine yangu inasema Kiamhari, atadhani nimeshushwa cheo."

"Lakini hukumu zenu zote mnaandika kwa Kiamhari!"

"Hukumu ni za wananchi. Menyu ni zangu."

Wengine walimpa kahawa badala ya jibu. Mwalimu mmoja alimsifu robo saa nzima juu ya uzalendo wake, akalengwa na machozi, kisha akasema kompyuta yake iachwe kama ilivyo. Baada ya siku tisa Yitbarek alikuwa na vikombe ishirini vya kahawa tumboni, na mtu mmoja kwenye hesabu: yuleyule wa kwenye kioo.

Ikaingia Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, ule wa siku tano ambao mtu mwenye haraka huusahau. Tarehe kumi ya Annike ndiyo siku ya mwisho ya Pagume, na ya mwaka. Siku ya malaika Rufael, mvua ilipoanza, watu walitoka nje kuoga maji yake ya baraka, wakicheka na kusukumana barabarani. Yitbarek aliwatazama kupitia dirishani, kisha akageuka kutazama rafu yake ya nyuma. Pale palilala kompyuta zilizokufa, ambazo wenyewe walizitelekeza: nyingine bila kioo, nyingine bila mfuniko, moja ikiwa na kiota cha mende kilichohamwa. Akazihesabu. Tisa.

Annike alisema usakinishaji kumi. Hakusema watu kumi.

Mtu mwaminifu angeona aibu. Yitbarek aliona aibu, akaiweka pembeni ya meza, akachukua bisibisi. Alitoa kadi za kumbukumbu huku akaziweka kule, akaazima skrini moja akaihamisha kutoka mashine hadi mashine kama stethoskopu. Umeme ulikatika mara nne. Kila moja ilipofumbua jicho aliipangia lugha kabla ya kitu kingine chochote, kisha akakiita kisakinishi. Mgeni akainama, akanong'ona swali lake, na mashine ikajibu: Kiamhari. Na sanduku dogo likafunguka kwenye skrini likiwa na sentensi yake ya kwanza, ile aliyoiandika na kuifuta mara thelathini: *Karibu. Tutakusindikiza hatua kwa hatua.*

Alikuwa hajawahi kuona mashine ngeni ikimwambia hivyo. Kila mara alisema, "Amen."

Siku ya tano ya Pagume, saa tisa alasiri, mashine ya kumi ilipeleka taarifa yake kwenye nchi za barafu. Kibandani mle wasemaji kumi walikuwa macho, wote wakinguruma kwa feni zao, na hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia mwenzake.

Jibu la Annike lilifika jioni hiyohiyo, limejaa alama za mshangao. Kiamhari kimebaki! Kumi kamili! Anafurahi mno kuona jamii ya watumiaji inakua haraka namna hii. Na ombi dogo: wanatengeneza ukurasa wa jamii za lugha. Je, Yitbarek angeweza kumpelekea picha ya pamoja?

Yitbarek aliisoma mara tatu. Kupiga picha rafu kungekuwa kweli tupu, lakini kweli nyingine haina uso mzuri. Kesho yake, asubuhi ya mwaka mpya, mji mzima umevaa nguo nyeupe, alipanga foleni ya maneno kichwani, akaenda kwa Asnakech kwa miguu mizito.

"Nahitaji watu kumi," akaanza.

"Gashe, tumeshaongea hayo."

"Wa kupiga picha tu. Itawekwa kwenye intaneti, Ulaya."

Asnakech aliweka chini kikombe chake. "Ulaya? Kwa nini hukusema toka mwanzo? Nipe dakika kumi nifunge shashi vizuri. Getahun! Getahun, vaa lile koti!"

Getahun, mumewe, muuza nyama mwenye masharubu ya kijenerali, hajawahi kugusa kompyuta hata kuisogeza. Akaja. Endalkachew akaja, amevaa tai, akauliza kama mkuu wake ataiona. Yule mwalimu mzalendo akaja na mkewe na shemeji zake watatu. Wapiga chapa wengine wawili wakaja wakiwa wameshika maua ya manjano. Wakasukumana mbele ya kibanda, Asnakech amemshika Getahun mkono, wakabishana nani ni mfupi. Wakawa kumi kwa hesabu ya Yitbarek, naye akarudi nyuma na simu yake hadi ukingo wa mtaro.

"Gashe, tucheke au tukunje uso?" Getahun akauliza.

"Vyovyote."

"Huko Ulaya wanatujua kwa lipi sisi?"

"Kwa kupenda lugha yenu," Yitbarek akasema, akabonyeza. Wakacheka sana, akabonyeza tena; hiyo ya pili ndiyo aliyoipeleka.

Watu wakatawanyika kwenda kula kuku wa sikukuu. Asnakech alimwita aje, naye akasema atakuja, akaingia kibandani akafunga mlango. Annike alijibu upesi. Picha nzuri ajabu! Nyuso za furaha kiasi gani! Ila hawajawahi kuonana, na angependa kujua: Yitbarek mwenyewe ni yupi hapo?

Yitbarek aliikuza picha, akapita uso kwa uso, polepole, kama mtu anayetafuta kiti kwenye harusi asiyoalikwa. Kisha akaandika: *Ni yule mwenye masharubu, aliyeshikwa mkono na yule mama.*