Goti la Duane

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, mambo ya usharika wa Kilutheri hayanihusu. Nayaeleza haya kwa sababu rafiki yangu Elihuruma mwenyewe hatayaeleza. Yeye ukimkanyaga mguu, anakuomba radhi wewe.

Tulikuja Minnesota, huku Marekani, pamoja kusoma, tukamaliza, tukabaki. Mimi nafanya kazi benki. Yeye ni mhandisi wa madaraja, anakaa New Hope na mkewe Ikupa na watoto wawili. Kanisa lao lina timu ya besiboli, ile ya mpira mkubwa unaoitwa laini. Si laini. Ulinipiga begani siku moja nikiwa mtazamaji, nikaujua ulaini wake. Kila kiangazi makanisa hushindana, na Elihuruma alikuwa akicheza kule pembeni kabisa, mpira unakofika kwa nadra. Mchezo haujui, na anajua kwamba haujui. Lakini Alhamisi jioni ilikuwa yake. Kazini wanamwita Eli, mtaani hawamwiti; pale uwanjani walimwita jina lake zima, vibaya, lakini zima.

Mwaka tisini na tano, Lois, mama aliyekuwa kocha wao, akaleta hoja. Kanisa moja la Apple Valley lilikuwa na mtu anaitwa Duane, ambaye enzi zake alikaribia kulipwa kwa kucheza. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, goti limepasuliwa mara mbili, bega moja halipandi, ila akiupata mpira sawasawa, mnautafuta kwenye mahindi ya watu. Je, wamchukue?

Kamati ikakaa chumba cha chini cha kanisa. Elihuruma alikuwa mjumbe, akapinga. Goti la Duane alilitazama kama anavyotazama nguzo ya daraja: limekarabatiwa mara mbili, ya tatu inakuja. "Mei atacheza," akasema. "Juni tutamtazama amekaa na barafu." Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Halafu Lois akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kahawa imebaki, kwamba kanuni zinataka mchezaji awe msharika wa kanisa analochezea, na timu isizidi wala isipungue idadi iliyowekwa. Duane akija, mmoja wao lazima ahamie Apple Valley. "Labda mtu asiyecheza sana," akaongeza. Wote wakaepuka kumtazama mtu mmoja, na mtu huyo akajijua.

Hapo bwana ndipo ninapotamani kumtandika. Si alikuwa ameshashinda! Angesema tu, "Mimi siendi," na kikao kimekwisha. Lakini akawaza kwamba akiendelea kupinga, wataona kumbe alikuwa anajitetea mwenyewe. Akayameza ya goti, akawa wa kwanza kunyoosha mkono: Duane aje, yeye aende. Wengine walipouona mkono wake, nao wakanyoosha.

"Umejitoa bure!" nikamwambia aliponieleza, tukiwa jikoni kwao.

"Hemed, mtu akionekana hafai, hang'ang'anii."

Ikupa alikuwa anakata vitunguu kwa nguvu ambayo kitunguu hakihitaji. "Shemeji, muulize tunahama lini," akasema, "maana mimi na watoto habari tumezisikia kwa jirani."

Kwa Lois, kuhama kulikuwa kusaini karatasi: jina liende Apple Valley kiangazi, mtu aendelee kusali hapohapo. Sasa nenda kamwambie Mpare kwamba usharika ni jina tu! Kwao Usangi anayehama anahama yeye, mke na watoto, na anasimama mbele ya watu kuaga. Elihuruma akamwomba mchungaji nafasi Jumapili, baada ya matangazo. Akanialika. Nikaenda, nimevaa suti, nimenuna.

Akasimama mbele na familia yake. Akawashukuru kwa miaka yote, na kwa kuwabatiza wanawe. Akaomba radhi kwa yeyote aliyemkosea. Watu wakaanza kutafuta leso. Walidhani ana saratani.

Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja, Margaret, masikio mazito. "Unakwenda wapi, mwanangu?" akauliza. "Umepata kazi mahali?"

"Hapana, mama. Nabadilishana na Duane. Yeye aje huku, mimi niende kule."

"Duane ni nani?"

"Anacheza mpira, mama. Ana goti."

Margaret akageuka nyuma polepole, mpaka macho yake yakampata Lois. Lois akasimama, uso umemwiva. "Elihuruma, tulidhani wewe ndiye unayetaka," akasema. "Ulikuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

"Nilinyoosha kwa kuwa nilidhani ninyi ndio mnaotaka."

"Mimi nilikuwa namwomba Mungu mtu akatae. Ulipokubali, nikaona aibu kukuzuia."

Ebo! Nilisahau nilipo, nikatamka kwa sauti neno la Kiswahili ambalo, alhamdulillahi, alilielewa Ikupa peke yake. Wiki nzima watu hawalali, kumbe kila mmoja anamstahi mwenziwe!

Margaret hakuwa na habari na adabu hizo. "Na wewe mwenyewe," akamuuliza, "unataka nini?"

Elihuruma akatazama viatu vyake. Miaka yote ninayomjua sijapata kumsikia mtu huyu akisema anataka kitu. Hata ukimuuliza chai au kahawa, atakwambia yoyote. Ikupa akamshika kiwiko. Midomo ikacheza, akasema kitu.

"Sisikii," akasema Margaret.

Ikabidi aseme tena, kwa sauti, kanisa zima likimtazama, machozi yakimshuka mpaka kwenye tai.

"Nataka kubaki."