Shati la Hamissi

Mtaa mzima wa Buyenzi unajua Assia huchambua mitumba kwa kiberiti. Huchomoa uzi akauwasha: ukiwa majivu ni pamba, ukiyeyuka ukawa shanga nyeusi ni poliesta. Poliesta iliyochakaa humpelekea Gaël, mwanafunzi wa kemia, anayeichemsha na dawa ya kichocheo mpaka irudi unga wake wa mwanzo.

Jana gunia la Gaël halikujaa. Assia akalikumbuka shati la mumewe Hamissi, aliyekwenda Lubumbashi miaka sita iliyopita na tangu hapo anarudi kwa simu tu. Hamissi aliapa ni pamba tupu. Uzi ukayeyuka.

"Muongo we, hata shati!" Assia akacheka, machozi yakimlengalenga.

Akalitia guniani, akalipeleka. "Gaël, hiyo dawa yako inaisha?"

"Apana, mama. Inafungua nguo, halafu inatoka vile iliingia. Tunaitumia tena."

"Na harufu ya mwenye shati?"

Gaël akakuna kichwa. "Ile haibaki."

Assia akalichomoa shati guniani, akalivaa juu ya gauni katika jua lile la saa saba.

"Mama, na gunia yetu?"

"Ungoje. Mi nangoja mwaka wa sita."