Mzigo Uliopungua Njia ya Goweko

Ningesema hapana. Asubuhi ile daktari aliponiita pembeni ya wodi ya watoto na kuniomba niwe mkalimani wa madaktari wa utafiti, ningemwambia mimi ni mzee, nimebakiza kuota jua tu, tafuteni mwingine. Nikasema ndiyo. Haya ninayosimulia yalianzia hapo, na ni kweli tupu. Wapo waliokwisha kunicheka. Pombe sinywi, wala haikuwa usiku. Jua lilikuwa limepanda na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yenyewe, usije ukawalaumu wasiohusika. Umewahi kumwona mtoto anayekula lakini hanenepi? Anapewa uji, maziwa, karanga zilizosagwa, anakula vizuri, na mbavu bado unaziona. Kwetu Tabora wapo. Madaktari wale walisema utumbo wa watoto hao huwa umechakaa kwa ndani, kama taulo lililofuliwa mpaka manyoya yakaisha, haufyonzi tena chakula. Kwa nini unachakaa, hawakujua vizuri, na mtoto aliye hai huwezi kumkata nyama ya utumbo hivi hivi ili ujifunze. Kwa hiyo mtoto akifariki, wazazi waliombwa: turuhusuni tuingize sindano, tuchukue vipande vidogo vya utumbo tukavichunguze, huenda tukawaokoa wenzake. Mzazi akikataa, alipewa mwili wa mwanawe na pole, na hakuna aliyemnunia.

Kazi yangu ilikuwa kuyasema hayo kwa Kinyamwezi au Kisukuma kwa akina mama waliotoka vijijini. Kuyasema yote. Mimi nilikuwa naruka. Lile neno la vipande sikulitamka. Utamwambiaje mama ambaye kanga aliyombebea mtoto bado ina joto, kwamba mwanawe atazikwa akiwa amepungukiwa? Tena katika ukoo wetu maiti ikiondolewa kitu, hata ukucha, huambiwa kilichoondolewa kabla ya kufukiwa, na wa kuiambia ni mzazi wake. Nikawa nasema, "Watamtazama tumboni kwa sindano, basi." Wakawa wanakubali. Daktari akawa ananisifu kwamba najua kuongea na watu. Nisikudanganye, sifa ile niliipenda.

Kisha zamu ikafika kwangu. Binti yangu Nyamizi, aliyeolewa Goweko kwa wakulima wa tumbaku, alikuwa na mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Kulwa akaletwa hospitali akiwa ngozi na mifupa, akafariki alfajiri. Daktari, dada mmoja mpole, akanifuata pale ukutani nilipoegemea.

"Mzee, pole sana. Huyu ni mwanao. Kama ni kumwomba, atakuja mtu mwingine azungumze naye. Wewe pumzika."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Mtu mwingine atamtisha."

Nyamizi alikuwa kwenye benchi amempakata Doto. Nikakaa karibu yake, nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. Akaniuliza swali moja tu.

"Baba, hawamtoi kitu?"

"Hawamtoi kitu, mama. Wanamtazama tu."

Akakubali. Niliporudi, daktari akaniuliza, "Umemwambia habari ya vipande?" Nikasema nimemwambia.

Tulimzika Kulwa Goweko. Mimi ndiye niliyempokea hospitali, na mimi ndiye niliyemshusha kaburini. Hakuna aliyemwambia lolote, maana aliyejua la kumwambia ni mimi, na nilinyamaza. Kesho yake asubuhi nikaaga, nikashika njia ya mkato kwenda barabarani kungoja gari la Tabora. Wazee husema njia ile ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao, alikwenda pwani na kurudi mpaka bega likaota sugu kama nundu.

Mbele yangu, kando ya mashamba ya tumbaku, nikamwona mwanamume amesimama karibu na mzigo. Alijifunga kaniki iliyopauka. Mzigo ulikuwa mfupi, umeviringishwa kwa mkeka na kukazwa kwa kamba za magome.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu salamu ya asubuhi ya kwetu.

"Mwangaluka."

"Nitwike."

Wewe ungekataa? Kwetu mtu akikuomba umtwike, humuulizi anatoka wapi. Unainama, mnainua. Nikainama. Niamini, ule mzigo ulikuwa mwepesi kama kibuyu kisicho na maji. Nikauweka begani kwake, na hapo ndipo nilipoiona ile nundu ya sugu juu ya bega la kulia, nyeusi, inang'aa. Akautikisa mzigo kidogo, kama mtu anayekadiria uzito.

"Umepungua," akasema.

"Mimi si mwizi," nikamjibu nikicheka. "Kwanza nimeushika sasa hivi tu."

Hakucheka. "Mzigo ukipungua njiani anaulizwa aliyeubeba. Wewe umeubeba kutoka hospitali mpaka shimoni."

Nikamuuliza huo mzigo ni wa nani. Akaniangalia kama mkubwa anavyomwangalia mtoto anayejifanya hajui.

"Mwambie binti yako kilichopungua. Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na wengine. Akiambiwa na wengine, utabeba wa pili."

Akageuka, akaenda zake polepole, bega limeinama upande, mpaka njia ilipokunja. Nami nikabaki nimesimama. Shambani palikuwa na mama mmoja anachuma majani ya tumbaku. Nikamuuliza kama anamjua yule mtu.

"Mtu gani, mzee?"

"Niliyemtwika mzigo."

Akaacha kuchuma. "Nimekuona ukiinua mikono mitupu. Nikasema moyoni, huyu amefiwa, anasali. Kunywa maji, mzee. Jua hili si la kuchezea."

Sasa niulize: je, nilirudi? Nyumba ya Nyamizi ilikuwa nyuma yangu, moshi wa jikoni kwake nauona. Ningegeuka, ningemwambia, angelia, angenitukana hata, kisha angekwenda kaburini kumwambia mwanawe, na yangekwisha. Badala yake nilienda barabarani. Nilijiambia ni jua.

Mvua za kwanza zilipoanza, majibu yakatoka. Wale watu walikuwa wameahidi kuwarudishia wazazi majibu, na walitimiza. Daktari akanichukua kwenye gari mpaka Goweko. Nyamizi akatuletea vigoda, akaketi, Doto mgongoni. Daktari akamweleza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba vile vipande vya utumbo wa Kulwa vimeonyesha umechakaa sana, na kwa kuwa Doto amekula chungu kimoja na mwenzake, akianza tu kuhara aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nyamizi hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Vipande gani, baba?"

Daktari akatutazama wote wawili, akaelewa, akafunika uso kwa kiganja. Nyamizi akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ushauri ule wa Doto, ambao pengine ndio uliokuwa na maana kuliko yote, aliuacha pale pale uani pamoja na sisi.

Doto akaanza kuhara mvua zilipokolea. Nikapata habari, nikaenda mbio. Nikamwita Nyamizi mlangoni, nikamsihi tumpeleke hospitali.

Akanijibu toka ndani, bila kupandisha sauti. "Wanamtazama tu, ee baba? Hawamtoi kitu?"

"Mama, nilikosa. Nipe mtoto."

"Wa kwanza nilikupa."

Mumewe alijaribu, majirani walijaribu. Hakumtoa. Alimpa maji ya mchele na dawa za mizizi, na Doto akafia mikononi mwake. Alimwosha mwenyewe, akamkagua mwili mzima mbele yetu, kidole kwa kidole, kisha akasema, "Huyu amekamilika." Tangu maziko hayo hajaniamkia tena. Nikipita anageuza uso.

Nami nina kitu begani. Upande wa kulia umeota uvimbe mgumu, mweusi, na maisha yangu yote sijawahi kubeba kitu begani. Hospitali wamesema ni mafuta. Naitikia tu. Shati likiugusa, namkumbuka yule bwana wa njiani, na najua alinitendea wema, maana alinionya kukiwa bado mapema.

Wewe unayesoma, ukikabidhiwa maneno ya mtu umfikishie mwingine, yafikishe yote, hata lile linalochoma. Usijifanye una huruma kuliko ukweli. Mimi nilipunguza neno moja. Kulwa aliuawa na ugonjwa. Doto alikufa kwa sababu yangu.