Saladi ya Ufuta Iliyochekwa

Nakumbuka siku ile mpaka harufu yake, mwanangu, siku ya kipaimara cha wifi yangu mdogo. Nilikuwa mke mpya katika nyumba ya watu, kijijini nje ya Iringa, mimi binti wa wafugaji wa Usangu. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi jikoni kwenye kambi ya mafundi wa barabara kule Ruaha Mbuyuni, na mpishi wao, Mchina, ndiye aliyenifundisha saladi ya baridi. Nikataka kuwapa wakwe zangu kitu cha mikono yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyojiambia.

Nilikata kabichi nyembamba kama nyuzi, nikaongeza karoti na matango. Ufuta nikaukaanga bila mafuta mpaka ukaanza kurukaruka na kunukia, nikautwanga na tangawizi na kitunguu saumu, kisha nikaukoroga na siki, sosi ya soya na sukari kidogo. Mboga nikaziacha nje zipoe. Iringa ya mwezi wa saba, mwanangu, nani ana haja ya friji? Wakati wa kula ulipofika nikazimwagia ule mchuzi wa ufuta.

Mama mkwe akafunua bakuli mbele ya wageni.

"Baridi yote hii, na chakula nacho cha baridi? Majani mabichi huku kwetu wanakula mbuzi!"

Watu wakacheka. Hakuna aliyeonja. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Mdomo wake ulikuwa mwepesi tu, na ulimi hauna mfupa. Nikalirudisha bakuli jikoni likiwa limejaa. Nikajaribu kula peke yangu, nikaishia kulia. Nikaapa kwamba nyumba hii watakula wanachokijua.

Na kweli, niliwapikia ugali, maharage na majani ya maboga, miaka ikaenda, watoto wakakua. Na mama mkwe tulisalimiana vizuri, kanisani tulikwenda pamoja. Lakini ufuta sikununua tena, na moyoni nilifunga mlango.

Kisha mama mkwe akaugua. Harufu ya chochote cha moto ikawa inamtapisha. Uji alisukuma, supu alisukuma. Baba mkwe, mzee mpole wa maneno machache, akanifuata jikoni.

"Mama Neema, ile saladi yako hujui tena kuitengeneza?"

"Baba, ile ilichekwa."

"Ilichekwa siku moja. Wewe umeizika miaka yote hii. Kwani kuvunjika kwa koleo ndio mwisho wa uhunzi? Aliyecheka alikosea, sikatai. Lakini tangu hapo umempa lini nafasi ya kuonja?"

Nikatafuta ufuta, nikakaanga. Mboga nikazikata ndogo zaidi, nikamlisha kwa kijiko. Alitafuna taratibu, akaomba tena.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Siku ile niliisikia ikinukia, nikatamani. Ila nilikuwa nimeshacheka. Nikaona haya kukuomba."

Miaka yote ile, mwanangu! Yeye anaona haya, mimi nina kinyongo, na tunachota maji pipa moja.

Siku chache alizobakiza tulikula pamoja. Akanisimulia usichana wake kule Idodi, na jinsi alivyolia naye alipoolewa, akichekwa kwa namna alivyosonga ugali. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumjua, akafariki.

Basi nisikilize. Ukiletewa usichokijua, onja kwanza ndipo useme. Na ukichekwa, lia, hakuna ubaya, halafu pika tena na umwite yuleyule aliyecheka. Majuto ni mjukuu. Usingoje ugonjwa uje kuwapatanisha. Mungu akupe moyo mwepesi wa kusamehe, akujalie wakwe wa kula nao, na siku nyingi za kukaa nao mkiwa wazima.